Rubani Aliyekulia Njoro: Maisha ya Bibi Beryl Markham na Mafunzo Yake kwa Watu wa Bondeni

Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya maisha ya Bibi Beryl Markham, yule rubani ambaye mwezi wa Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza hata Kanada. Kwa safari hiyo alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa kutoka mashariki kwenda magharibi. Jina lake lajulikana sana Uingereza na Marekani, na vitabu kadhaa vimeandikwa juu yake. Walakini mtu huyu hakukulia London wala New York. Alikulia Njoro, mwendo mfupi kutoka hapa Nakuru, chini ya msitu wa Mau. Yafaa basi sisi tukaao Bondeni tuzijue habari zake kwa usahihi, tena tuzipime sisi wenyewe, tusingoje kupimiwa na wengine.

Nitasema mambo matatu. Kwanza nitaeleza malezi yake. Pili, kazi yake ya urubani na safari ile ya mwaka 1936. Na tatu, nitauliza ametuachia nini, na sisi tutakitumiaje.

MALEZI YA NJORO

Beryl Clutterbuck, maana hilo ndilo lililokuwa jina lake kabla ya kuolewa, alizaliwa Ashwell, katika jimbo la Rutland nchini Uingereza, tarehe 26 Oktoba 1902. Baba yake, Bwana Charles Clutterbuck, alikuwa hodari wa farasi. Alikuja Afrika ya Mashariki akachukua shamba huko Njoro, na binti yake akaletwa akiwa mtoto wa miaka minne hivi. Siku zile reli ilikuwa imekwisha kufika Kisumu tangu mwaka 1901, na Nakuru ulikuwa mji mdogo wa stesheni na maduka machache. Mama yake hakuyaweza maisha yale. Alirudi Uingereza pamoja na ndugu wa kiume wa Beryl, na binti akabaki na baba yake.

Kwa hiyo mtoto yule alilelewa na shamba zima. Wenzake wa kucheza walikuwa watoto wa Kinandi na Kipsigis ambao wazazi wao walifanya kazi pale. Alijifunza kwao kutupa mkuki, kufuata nyayo za wanyama, na kukaa kimya msituni. Alisema Kiswahili na Kinandi. Miongoni mwa wenzake alikuwako kijana aliyeitwa Kibii, ambaye alipokwisha kuwa mtu mzima aliitwa arap Ruta. Alifanya kazi pamoja na Beryl miaka mingi, kwanza katika mazizi ya farasi na baadaye katika banda la ndege. Jina la arap Ruta halikuchongwa juu ya sanamu yo yote, lakini tusipolitaja hadithi hii itakuwa nusu.

Hapa pana jambo ambalo haifai kulipita. Ardhi ile ya Njoro haikuwa tupu. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamasai walihamishwa kutoka sehemu hizi za Bonde wakapelekwa Laikipia, na mashamba makubwa yakagawiwa walowezi wa Kizungu. Mwafrika aliyekaa juu ya ardhi ile alikaa kama kibarua. Beryl na Kibii walicheza pamoja wakiwa watoto. Lakini walipokua, mmoja alikuwa bibi mwenye mali na mwingine mtumishi. Hilo si kosa la mtoto wa miaka minne, wala si ajabu kwa nyakati zile. Twalisema kwa sababu atakaye kujua jinsi mtu alivyofika mbali hana budi kujua pia alianzia wapi, na ni nani waliozuiwa wasianze kabisa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukaja ukame mkali. Bwana Clutterbuck akafilisika, akaliuza shamba, akaondoka kwenda Peru kutafuta kazi ya farasi. Binti yake hakwenda naye. Alibaki katika nchi aliyoijua, akaanza kufunza farasi wa mashindano, naye alikuwa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kupewa leseni ya kazi hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 18 hivi. Tuliangalie jambo hili vema, kwa maana ndilo mlango wa mambo yote yaliyofuata. Msichana aliyepoteza nyumba aliyoizoea hakukaa kungoja kuhurumiwa. Alishika kazi aliyoijua, akaifanya mpaka watu wakamwamini.

KAZI YA URUBANI

Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege iliyoitwa Wilson Airways, mjini Nairobi. Kiwanja kile ambacho leo huitwa Wilson kilipewa jina lake mwaka 1962. Rubani mkuu wa kampuni hiyo alikuwa Bwana Tom Campbell Black, ambaye baadaye, mwaka 1934, yeye na mwenzake C. W. A. Scott walishinda mashindano makubwa ya ndege kutoka Uingereza hata Melbourne, Australia. Bwana huyu ndiye aliyemfundisha Beryl kuruka.

Siku zile eropleni zilikuwa nyepesi, nyingi zikiwa za mbao na kitambaa, na ajali zilikuwa nyingi. Mwezi wa Mei 1931 Bwana Denys Finch Hatton, rafiki wa Beryl, alikufa ndege yake ilipoanguka Voi, naye akafa pamoja na Mwafrika aliyekuwa amefuatana naye. Beryl mwenyewe alikuwa ameombwa kwenda katika safari hiyo, na mwalimu wake alimshauri asiende. Wengi wangaliacha masomo baada ya msiba kama ule. Yeye aliendelea, na mwaka ule ule wa 1931 akapata leseni yake ya kwanza. Mwaka 1932 aliruka peke yake kutoka Kenya hata Uingereza. Na mwaka 1933 alipata leseni ya kuchukua abiria na mizigo kwa malipo, naye alikuwa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuipata. Leseni hiyo haikutolewa kwa kujua kushika usukani tu. Ilimpasa mtahiniwa ajue injini, aweze kuifungua na kuisafisha, na ajue kutafuta njia kwa ramani, dira na saa.

Kisha akaanza kazi. Alipeleka barua na vifaa kwa wachimba dhahabu wa Kakamega. Alichukua abiria. Alitumiwa kutafuta tembo kutoka angani kwa ajili ya wawindaji, na mmoja wa wawindaji hao alikuwa Baron Bror Blixen. Kazi hiyo ya mwisho leo hatuwezi kuisifu, maana twajua tembo wetu walivyopungua. Lakini alifanya pia kazi nyingine ambayo kila mtu ataisifu. Katika kitabu chake ameeleza jinsi alivyoruka usiku mwaka 1935 kupeleka silinda ya oksijeni Nungwe, katika nchi ya Tanganyika, ambako mtu mmoja alikuwa mahututi. Hakukuwa na taa za kuongoza njia, wala redio ya kumwambia hali ya hewa ya mbele. Alikuwa na dira yake, ramani isiyokamilika, na ile tabia aliyojifunza msituni, ya kutazama dalili ndogo na kutoishika hofu mkono.

SAFARI YA ATLANTIKI

Sasa tuifikie safari iliyolitangaza jina lake. Watu wengi huuliza kwa nini kuvuka bahari kwa kutoka mashariki kwenda magharibi kulihesabiwa kuwa kugumu kuliko kurudi. Jibu ni upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini upepo huvuma zaidi kutoka magharibi. Rubani atokaye Marekani kuja Ulaya husukumwa nao kwa mgongo. Na yule aendaye Marekani hupambana nao uso kwa uso, kama mtu apigaye makasia kupanda mto. Mwendo wake hupungua, petroli yake hupungua, na saa zake za kukaa macho huongezeka. Bibi Amelia Earhart wa Marekani alikuwa amekwisha kuvuka peke yake mwaka 1932, lakini alitoka magharibi kwenda mashariki. Mwaka ule ule Bwana Jim Mollison alivuka peke yake kwa njia ile ngumu, akianzia Ireland. Mwanamke aliyeifuata njia hiyo peke yake akafika upande wa pili hakuwako bado.

Ndege aliyopewa Beryl ilikuwa Vega Gull, yenye injini moja tu. Mwenyewe alikuwa Bwana John Carberry, mlowezi wa Kenya, naye aliiazima kwa ajili ya safari ile. Matangi ya petroli ya ziada yalitiwa ndani, hata nafasi ya abiria ikajaa. Redio haikuwamo. Tarehe 4 Septemba 1936, yapata saa mbili za usiku, aliondoka katika kiwanja cha Abingdon, Uingereza, akaingia katika mvua na upepo.

Fikirini kazi yenyewe. Kila tangi ilimpasa aliache mpaka likauke kabisa, ndipo afungue bomba la tangi jingine. Tangi likikauka, injini huzimika. Usiku ule injini ilizimika gizani juu ya bahari, na ndege ikaanza kushuka. Akaupapasa ufunguo wa bomba, akaufungua, akangoja. Injini ikashika tena wakati ndege ilipokuwa karibu na maji. Hapo hapana nafasi ya kupiga kelele wala ya kujuta. Mkono uliozoezwa ndio utakaomwokoa mtu, au hataokoka.

Alikaa angani zaidi ya saa 21. Alipokuwa amekwisha kuiona nchi kavu ya Kanada, injini ilianza kukatakata. Barafu ilikuwa imezuia tundu la hewa la tangi la mwisho, na petroli haikushuka vizuri. Alitafuta mahali pa kutua, akaona uwanda wenye mawe, akashuka. Kumbe palikuwa kinamasi. Magurudumu yakazama, pua ya ndege ikachomeka katika matope, naye akaumia kichwa. Mahali pale paitwa Baleine, katika kisiwa cha Cape Breton, Nova Scotia. Alitoka nje kwa miguu yake mwenyewe, akakutana na wavuvi.

Nia yake ilikuwa kufika New York bila kutua, na hakufika hivyo. Alifikishwa New York baadaye, na wenyeji wa mji wakampokea kwa shangwe kubwa barabarani. Lakini furaha haikudumu. Tarehe 19 Septemba 1936, kabla ya majuma matatu kupita, mwalimu wake Tom Campbell Black aliuawa kwa ajali ya ndege katika kiwanja cha Speke, Liverpool.

KUPIMA SIFA

Mabwana na Mabibi, watu wakipendao kitu hukiongezea chumvi. Imesemwa kwamba Beryl Markham alikuwa mtu wa kwanza kuvuka bahari ile kwa njia ile. Sivyo, Mollison alimtangulia kwa miaka minne. Imesemwa kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake. Sivyo, Amelia Earhart alimtangulia. Alichofanya ni hiki: alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka peke yake kwa njia iliyo ngumu zaidi. Sifa hiyo ni kubwa ya kutosha. Mwenye sifa ya kweli hahitaji kuazima ya jirani.

Kadhalika na kitabu chake. Kiliitwa West with the Night, kikapigwa chapa mwaka 1942, wakati wa vita, na hakikusomwa na wengi. Kilipigwa chapa tena mwaka 1983, baada ya kuonekana barua ambamo mwandishi mashuhuri Ernest Hemingway alikuwa amekisifu. Ndipo kikaenea, na fedha zake zikamsaidia katika uzee. Wako wasemao kwamba mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika, au aliyekitengeneza sehemu kubwa. Na wako walioyachunguza maisha yake wakakataa neno hilo. Wenye elimu hawakupatana mpaka leo. Lakini mambo ya Njoro yaliyomo, farasi, mvua, msitu na watu wake, hayakuweza kutoka kwa mtu mwingine ila yeye aliyeyaona.

Baada ya kukaa Marekani miaka kadhaa alirudi Kenya, akazishika tena kazi za farasi. Alikuwa na mazizi Naivasha, humu humu Bondeni, na farasi aliowafunza walishinda mashindano makubwa ya Kenya Derby mara sita. Alikufa Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, mwenye umri wa miaka 83. Wataalamu wa nyota wamelipa shimo moja kubwa katika sayari ya Zuhura jina la Markham, kwa kumkumbuka.

AMETUACHIA NINI?

Sasa ndilo swali lenyewe. Shimo katika Zuhura halimsaidii mtoto wa Njoro. Je, sisi tumeachiwa nini?

Mtu mmoja aweza kusema: "Hadithi hii si yetu. Yule alikuwa binti wa mlowezi. Alipewa ndege, alipewa mwalimu, alipewa nafasi. Binti wa kibarua wake hakupewa hata darasa." Maneno hayo ni ya haki, wala sitayapinga. Mwaka 1936 hapakuwa na mlango nchini Kenya ambao msichana wa Kiafrika angeupitia kwenda kuwa rubani. Hata Marekani, Bibi Bessie Coleman, mwanamke mweusi, alikataliwa na shule za urubani. Ikambidi ajifunze Kifaransa na kwenda Ufaransa, akapata leseni yake huko mwezi wa Juni 1921. Basi uhodari haukuwa wa rangi moja. Nafasi ndiyo iliyokuwa ya rangi moja.

Lakini hoja hiyo, kwa kuwa ni ya kweli, yatudai jambo. Kama kilichowazuia mama zetu ni mlango uliofungwa, twasema nini sasa ambapo mlango umefunguliwa? Bibi Irene Koki Mutungi, binti wa Kenya, alikuwa rubani wa kwanza wa kike katika shirika la Kenya Airways, na mwaka 2014 ilitangazwa kwamba yeye ni mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa kapteni wa ndege kubwa ya Boeing 787. Naye Daktari Anne Spoerry, mzaliwa wa Ufaransa, alijifunza kuruka akiwa tayari mtu mzima, akatumia ndege yake miaka mingi kuwatibu watu wa sehemu za mbali za Kenya, hata wakamwita Mama Daktari. Alikuwa mmoja wa Madaktari Warukao, huduma iliyoanzishwa mwaka 1957, na ambayo kituo chake kimo katika kiwanja kile kile cha Wilson. Kile silinda ya oksijeni ya Nungwe ilichokuwa kwa mgonjwa mmoja, huduma hiyo imekuwa kwa maelfu.

Walakini katika nyumba zetu bado husikika neno lile la zamani. Binti akisema apenda mashine, huambiwa kwamba hiyo ni kazi ya kaka yake. Akipata alama nzuri za hesabu, husifiwa. Akitaka kuzitumia hesabu hizo kufungua injini, hucheka watu. Karo ikipungua, wa kwanza kutolewa shuleni mara nyingi huwa yeye. Hapo mlango haufungwi na serikali wala na mlowezi. Waufunga baba na mama, kwa mkono wao wenyewe, na mwenye kufungiwa ni mtoto wao.

Sitawadanganya kwamba kazi ya urubani hupatikana kwa kupenda tu. Mafunzo yake ni ghali sana, na familia nyingi hazina fedha hizo. Lakini kazi za ndege si urubani peke yake. Wako mafundi wa injini, wako waongozaji wa ndege waliomo katika minara, wako watazamaji wa hali ya hewa. Chuo cha mambo ya ndege kilianzishwa Nairobi mwaka 1954, na wengi wamesomea kazi hizo nchini humu humu. Msingi wa zote ni hesabu, sayansi na jiografia, nayo hufundishwa katika kila shule ya sekondari iliyoko Njoro, Molo, Rongai, Subukia na hapa mjini. Mtoto asipozishika huko, hata akipewa ndege ya bure hataiweza.

Basi nawaomba wazazi mambo mawili tu. La kwanza: binti akiuliza jinsi kitu kinavyofanya kazi, msimfukuze, mwacheni aangalie, ashike, akosee, ajaribu tena. Beryl Markham alizoezwa na farasi na misitu kabla hajazoezwa na mwalimu, na mazoezi hayo ndiyo yaliyoufanya mkono wake uuone ufunguo gizani. La pili: shamba likipata hasara na fedha zikawa haba, fikirini mara mbili kabla ya kumtoa shuleni. Ukame uliomfilisi Bwana Clutterbuck haukuwa wa mwisho katika Bonde hili. Mashamba huja na kwenda. Ujuzi alio nao mtu kichwani na mikononi, mvua hairuhusiwi kuuchukua.

Na walimu wa shule za Njoro nawaomba neno moja. Wafundisheni watoto habari hizi zote pamoja: ya binti aliyevuka bahari, ya arap Ruta aliyeziangalia ndege pamoja naye, na ya wale waliohamishwa ili shamba lile lipatikane. Mtoto anayeijua historia ya mahali pake bila kufichwa nusu yake hatakuwa na chuki ya bure wala sifa ya bure. Atajua kwamba mtu aliyetoka katika udongo ule ule anaokanyaga aliwahi kufika mbali, na atajua ni vizuizi gani vilivyowarudisha wengine. Kisha atauliza vipi vilivyosalia, na ni nani wa kuviondoa.